NOTI ZA VITA ZILIZOMO MASANDUKUNI MWETU



Wakati huu ambapo mikarafuu imepumzika na majamvi yamekunjwa, wengi wetu hushika zile kazi zilizoahirishwa msimu mzima: kuezeka banda upya, kusafisha ghala, na kufungua masanduku ya wazee waliotangulia. Ni kwa ajili ya kazi hiyo ya mwisho ndipo tukaona tuandike maneno haya. Kwa muda sasa wapo watu wanaopita vijijini wakiuliza vitu vya kale, na katika vitu hivyo huuliza khasa noti kuukuu. Hununua kwa fungu, kama mtu anunuavyo dagaa, na muuzaji naye hufurahi, kwani karatasi isiyopokelewa dukani ina faida gani kwake? Hatukusudii kumkataza mtu kuuza mali yake. Tunataka tu ajue ameshika kitu gani kabla hakijatoka mlangoni.

Katika noti kuukuu, zile za wakati wa vita zina mambo yake. Wakati wa amani noti huchapwa kwa utulivu katika matbaa kubwa za Ulaya, kwa karatasi njema, michoro ya kuvutia, na wino usiofutika. Vita vinapokata njia za bahari na za nchi kavu, mtawala hujikuta ana jeshi la kulisha na wapagazi wa kulipa, na kasha lake halina kitu. Hapo hukamata karatasi yoyote iliyo karibu, akaichapa kwa chombo chochote kilicho karibu, akaandika juu yake kwamba ni fedha. Ndiyo maana noti za vita aghlabu ni mbaya kwa sura, na ndiyo maana wakusanyaji wanazipenda. Dhiki ya siku zile unaiona kwa macho na kuigusa kwa kidole.

Mfano mkubwa kabisa wa mambo haya haukutokea mbali. Ulitokea ng'ambo yetu tu, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Afrika Mashariki ya Wadachi. Fedha ya huko ilikuwa rupia kama hapa kwetu, ila tokea 1904 Wadachi waliigawa kwa heller 100, na rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20 za kwao. Mwaka 1905 ikaanzishwa Deutsch-Ostafrikanische Bank, nayo ikatoa noti nzuri zilizochapwa Ujerumani. Ya rupia tano ilikuwa na picha ya simba, ya rupia kumi ilikuwa na mandhari ya bandari ya Dar es Salaam, na zile kubwa zilikuwa na sura ya Kaiser mwenyewe.

Vita vikaingia Agosti 1914. Sisi wa visiwani tunavitaja vita vile kwa mizinga ya manowari Königsberg, iliyoipiga Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja asubuhi ya 20 Septemba 1914. Lakini mwaka uliofuata bahari ikawa ya Waingereza. Waliufunga mwambao wote wa Wadachi, na katika muda wote wa vita ni meli mbili tu za shehena zilizojipenyeza na kufika pwani ile: Rubens mwaka 1915, na Marie iliyoingia Sudi mwaka 1916. Noti mpya kutoka Ujerumani zikakosekana. Na papo hapo fedha ya chuma ikaanza kupotea sokoni. Jambo hili halina ajabu. Mwenye rupia ya fedha safi mkononi, akisikia mizinga, huifukia chini ya kitanda na kungoja. Mababu zetu wangefanya vivyo hivyo, na sisi pia.

Wadachi wakatafuta njia mbili. Ya kwanza ni kutengeneza sarafu wenyewe. Katika karakana za reli huko Tabora, mwaka 1916, walichapa heller tano na heller ishirini za shaba, na maganda ya risasi yakawa malighafi yao. Kisha kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, wakatoa sarafu ya rupia 15 yenye picha ya ndovu. Sarafu hiyo ya ndovu ina sifa dunia nzima, na kwa hivyo ya bandia ni nyingi mno. Akikujia mtu na "dhahabu ya Tabora" kwa bei ya chini, mwambie aiweke.

Njia ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi: noti za muda. Ya kwanza, ya rupia ishirini, ina tarehe ya 15 Machi 1915. Zikafuata nyingine za rupia moja, tano, kumi, hamsini na mia mbili. Zilichapwa hapa hapa Afrika kwa herufi za kawaida za matbaa, bila ya simba wala bandari. Karatasi ilikuwa ile iliyopatikana siku hiyo, kwa hivyo utaona nyingine ni za kijivu, nyingine kahawia kama karatasi ya kufungia bidhaa, nyingine nyembamba, nyingine nene. Nyingi zilitiwa sahihi kwa mkono, moja baada ya moja, mpaka kazi ikawashinda watu na mihuri ya sahihi ikashika nafasi yake. Ya rupia moja ndiyo iliyotoka kwa wingi kupita zote, kwa sababu ndiyo iliyofaa kumlipa mtu wa kawaida.

Maneno yaliyoandikwa juu yake kwa Kidachi yanafaa kuelezwa, kwa kuwa wengi wamezishika noti hizi bila ya kuyasoma. Yanasema kwamba benki, katika madirisha yake ya malipo yaliyomo nchini humo, itamlipa mwenye kuileta noti hii rupia moja, bila ya kumuuliza yeye ni nani. Ahadi nzuri sana. Mkulima akija nayo, atalipwa. Mpagazi akija nayo, atalipwa.

Lakini madirisha yenyewe yalikuwa yakifungwa moja moja. Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, na tarehe 19 ya mwezi ule ule Wabelgiji wakaingia Tabora. Majeshi ya Wadachi yakasukumwa kusini, naye kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, akawa anatembea na vita vyake mwituni. Na noti zikaendelea kutolewa! Zipo zenye tarehe ya 1 Julai 1917 ambazo wakusanyaji huziita noti za porini. Hizi hazikupita matbaani hata kidogo. Zilipigwa kwa herufi za mpira, kama muhuri upigwavyo, juu ya vipande vya karatasi vilivyokatwa kwa mkono, upande huu mrefu na upande huu mfupi. Herufi nyingine zimekaa upogo, nyingine zimekosewa kabisa. Ukiitazama noti hiyo ni vigumu kuamini kwamba mtu alitoa mbuzi wake au gunia lake la mtama akapokea kile.

Naam, alitoa. Wala hakuwa na hiari kubwa. Jeshi linalopita na bunduki likisema kwamba hii ni fedha, mwenye mtama hasimami kubishana. Hapa ndipo tunapotaka wanachama watie fikra zao kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya wakusanyaji hueleza rangi ya karatasi na herufi za mfululizo kwa kirefu, na mtu aliyeipokea hawamtaji kabisa. Noti hizi zilikuwa ndiyo bei ya chakula na ya kazi. Vita vile vilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi, pande zote mbili. Jina la Kariakoo lililobaki Dar es Salaam ni la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Novemba 1917 Wadachi walivuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno. Na tarehe 25 Novemba 1918, walipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia, fedha ya kuwalipa askari na wapagazi haikuwapo. Walipewa vyeti vya madai. Askari walikuja kulipwa malimbikizo na Serikali ya Ujerumani katika miaka ya 1920. Ama mwanakijiji aliyeuza mtama kwa noti ya porini, hakuwa na cheti wala daftari lililoandika jina lake. Benki ilikuwa imekwisha ahidi kutomuuliza yeye ni nani, na kweli hakuulizwa.

Baada ya vita rupia ya Wadachi ilizikwa. Ikaja florini ya Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki mwaka 1920, kisha shilingi zenye tarehe ya 1921. Hapa kwetu rupia ilidumu mpaka 1 Januari 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi moja na nusu.

Sasa mtu atauliza: noti za bara zimefikaje katika masanduku ya visiwani? Zimefika kwa miguu ya watu. Wachumaji wengi wa karafuu walikuwa wakivuka kutoka bara kila msimu mkubwa, wengine wakabaki, wakaoa, wakazaa, na visanduku vyao vikabaki pamoja nao. Wapo pia watu wetu waliokwenda vitani wenyewe. Miezi michache iliyopita mwanachama mmoja, mama mtu mzima, alituletea ofisini kopo la biskuti lililofungwa kwa kitambaa. Alikwisha ahidiwa fulusi kidogo na mpita njia mmoja, akataka shauri letu kwanza. Tukamwaga vilivyomo juu ya meza ya kuandikia. Zilikuwamo noti nne za rupia moja za mwaka 1916, mbili zimeliwa na mende pembeni. Zilikuwamo noti nyingine ndogo, za rupia pia, lakini zimeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni za Serikali ya Kijapani, na kila moja ina herufi mbili, ya kwanza ikiwa B. Na chini kabisa ilikuwamo karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu lakini lugha ni Kiswahili, hesabu ya siku za kazi ya mtu fulani. Yule mpita njia alikuwa akitaka noti tu. Hiyo karatasi alisema itupwe.

Bibi hakujua kwa nini babu yake awe na fedha ya Kijapani. Sisi tulikisia upesi, na kisa chenyewe ni kizuri. Herufi B ni ya Burma. Wajapani walipoiteka nchi ile mwaka 1942 walichapa rupia za karatasi, kama walivyochapa fedha za kila nchi waliyoitwaa: M kwa Malaya, P kwa Philippines. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wamo ndani yake vijana wa King's African Rifles, ilishuka bonde la Kabaw ikiwasukuma Wajapani mpaka mto Chindwin. Noti zile zilikuwa zimetapakaa kama majani makavu, na askari waliziokota wakazileta nyumbani kuwaonyesha watoto. Kwa bei hazina maana, maana zilichapwa kwa wingi usiosemeka. Lakini katika kopo lile zilikuwa ndiyo ushahidi pekee uliobaki kwamba mzee yule alifika Burma. Babu wa rupia za Wadachi alikuwa mwingine, baba wa huyu. Vizazi viwili, vita viwili, kopo moja!

Bibi hakuuza. Hatusemi alifanya vyema au vibaya, hiyo ni mali yake. Tunasema aliamua akijua.

Tuje kwenye mambo ya soko, kwa kuwa tunajua ndiyo wanayoyangoja wengi. Noti ya rupia moja ya 1915 au 1916, iliyochakaa, ni nyingi duniani na haimjengei mtu nyumba. Wakusanyaji hupanga noti kwa madaraja kama sisi tupangavyo karafuu. Ile isiyokunjwa hata mara moja ni daraja la kwanza, na kila mkunjo, kila doa, kila tundu la pini huishusha, mpaka kufika ile iliyochanika ambayo ni kama makonyo. Tofauti ya bei kati ya daraja na daraja ni kubwa kuliko asiyejua anavyodhani. Baada ya hali, hutazamwa uchache. Rupia mia mbili ya 1915 ni adimu. Noti za porini zenye makosa ya herufi hutafutwa, na kwa kuwa ni nyepesi kuigizwa, mnunuzi wa haki hataudhika mkimwambia aipeleke kwa mjuzi kwanza. Akiudhika, mmekwisha mjua.

Mbili nyingine zinafaa kukumbukwa. Ya kwanza ni noti ya rupia moja ya Serikali ya Zanzibar yenye tarehe ya 1 Septemba 1920. Noti zetu zilianza 1908 kwa rupia tano na kuendelea, lakini vita viliipandisha bei ya fedha mpaka rupia ya chuma ikawa shida kupatikana, ndipo ikachapwa hii ndogo. Ni adimu sana, na mwenye nayo asiitoe kwa mtu wa kupita hata akiongezwa mara tatu. Ya pili ni shilingi moja ya karatasi ya Bodi ya Afrika Mashariki, ya 1 Januari 1943, iliyotolewa wakati wa vita vya pili kwa sababu ya uhaba wa sarafu. Hiyo wazee wetu wenyewe waliitumia dukani.

Wako wanaoeneza mikono mbali zaidi. Hukusanya karatasi za Jenerali Gordon alipozingirwa Khartoum mwaka 1884, alizokuwa akizitia sahihi kwa mkono wake. Au za Mafeking ya 1900, baadhi yake zikiwa zimepigwa kwa njia ya picha, ambazo watu wengi hawakuzirudisha benki kwa kuwa walizipenda kwa ukumbusho. Au lira za Mtaliano zilizopigwa chapa ya Africa Orientale Italiana, ambazo baadhi ya askari wetu walizikuta Uhabeshi mwaka 1941. Hizo ni starehe za wenye nafasi.

Ama kutunza, mkulima wa karafuu hahitaji somo refu. Adui ni yule yule: unyevu. Karafuu iliyokosa jua hufanya ukungu, na noti vivyo hivyo. Lakini msije mkazianika uani! Jua linalokausha karafuu huifuta noti wino wake na kuifanya ikatike kama kigae. Iwekeni kivulini, mahali pakavu penye hewa, ikiwa imelazwa baina ya karatasi nyeupe safi, mbali na ghala. Msiishike mkiwa mmetoka kuchambua, kwani mafuta ya karafuu hayatoki karatasini. Msiifue, msiipige pasi, msiibandike utepe wa gundi pale ilipochanika, wala msiipeleke dukani ikatiwa ndani ya plastiki ya moto. Tumeona noti njema iliyoharibiwa kwa njia hiyo na kijana mwenye nia safi kabisa. Iliyokunjwa muda mrefu isilazimishwe kufunguka.

Na kabla ya yote hayo, piga picha kwa simu kopo zima kama lilivyo, noti na karatasi na kitambaa. Kisha kaa na mkubwa wa nyumba umuulize: ilikuwa ya nani, alitoka wapi, alikuwa askari au mpagazi au mchumaji, aliipata kwa kazi gani. Andika kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha karatasi, usiandike juu ya noti yenyewe, uviweke pamoja. Noti ya 1916 zipo nyingine huko Ulaya, zimepangwa katika vitabu vizuri. Jina la aliyeipokea lipo kwa mkubwa huyo tu, na wakubwa wetu wanapungua kila mwaka.

Ofisi ina lenzi ya kukuzia na mwenye kusoma herufi za Kiarabu. Mwanachama mwenye kopo la namna hii na aje asubuhi, kabla ya saa nne, kwani baada ya hapo meza huwa na hesabu za magunia. Alilete lilivyo, bila ya kulisafisha, na hatutamwomba kuacha kitu.